Kijiji cha wakulima wa mpunga nchini Indonesia kinaendeshwaje, na sisi wa bonde la Lukuledi tujifunze nini?

Mjumbe wa Bondeni (Lindi) ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji katika bonde la mto Lukuledi, mkoani Lindi. Tunalima mpunga bondeni, muhogo na mbaazi kwenye mwinuko, na karibu kila kaya ina mikorosho na minazi iliyorithiwa kwa wazee. Mwezi uliopita, katika mkutano mkuu wa kijiji, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alisimama akauliza swali ambalo hakuna mjumbe aliyeweza kulijibu: iweje mkulima wa kisiwa cha Java, nchini Indonesia, mwenye nusu hekta avune mpunga mara mbili, na mahali pengine mara tatu kwa mwaka, ilhali baba yake mwenye ekari nne huvuna mara moja tu, na mwaka ambao mvua ya Februari inakatika huambulia pumba? Akajibiwa kwamba wenzetu wana mashine na serikali tajiri, na mjadala ukafungwa hapo. Mimi sikuridhika, wala sidhani kijana yule aliridhika.

Naomba mwenye kuufahamu mkulima wa kule anieleze kijiji chenyewe kilivyo: nani anaamua maji yaende wapi, ardhi inamilikiwa vipi, kiongozi anapatikanaje na fedha za kijiji zinasimamiwa na nani. Bei za mashine ninaweza kuziuliza dukani. Ninachokitafuta ni utaratibu wa watu.

Bwana Shamba Mstaafu (Masasi) amejibu:

Mheshimiwa mjumbe, mwambie kijana huyo kwamba swali lake ni la haki. Nilipokuwa kazini nilipata kukaa miezi kadhaa katika kijiji kimoja cha Java ya Kati, nikilala nyumbani kwa mkulima ambaye majaruba yake yote, ukiyaweka pamoja, yasingetimia nusu hekta, naye akasomesha watoto watatu.

Naanza na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nijione si mgeni sana. Kama sisi tunavyotofautisha mpunga, mchele na wali, wao nao husema padi, beras na nasi, na punje iliyokwisha kupurwa lakini haijakobolewa wameipa jina lake peke yake, gabah. Hata mazungumzo ya jioni barazani niliyaelewa nusu kwa kufuata majina hayo.

Kuhusu mavuno mawili, maji ndiyo yanayotangulia na mbegu inafuata. Aina za mpunga zinazolimwa huko hukomaa kwa siku 110 hadi 120, na miche hukaa kitaluni siku 20 hivi kabla ya kupandikizwa, hivyo misimu miwili humalizika ndani ya miezi minane au tisa. Pale ambapo mfereji haukauki hupandwa mpunga kwa mara ya tatu. Yanapopungua maji, jaruba lilelile hupandwa mahindi, soya au karanga. Ardhi hailali, na hilo lina gharama yake kama nitakavyoeleza. Nyuma ya kila nyumba kuna bustani wanayoiita pekarangan, yenye minazi, migomba, mifenesi, muhogo, kuku na pengine kidimbwi cha samaki, na humo ndimo kitoweo cha kila siku hutoka.

Anayegawa maji ni mtu, tena anayejulikana kwa cheo. Huko Java huitwa ulu-ulu, naye ni mmoja wa maofisa wa kijiji. Kila alfajiri nilimwona akipita kwenye kingo, jembe begani, akifungua tundu hili na kuziba lile kwa udongo, na wakulima walikuwa radhi kubishana naye lakini si kuyafungua maji usiku bila yeye. Kwa desturi ya zamani, maofisa wa kijiji hawakulipwa mshahara. Walipewa shamba la cheo, tanah bengkok, walilime au walikodishe wakiwa madarakani na kulirudisha wanapoondoka. Nadhani hapo pana jambo la kufikiria, kwa sababu mgawa maji ambaye naye analima bonde hilohilo huona njaa ya jirani kabla haijaandikwa kwenye taarifa.

Sasa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 serikali yao ilisukuma mbegu mpya za mpunga wa shina fupi, mbolea na dawa kwa nguvu nyingi, na mwaka 1984 nchi ikatangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Mwaka uliofuata wakulima wao walichanga tani laki moja za mpunga kwa ajili ya Afrika iliyokuwa katika njaa, jambo ambalo wachache kati yetu wanalikumbuka. Lakini wakati uleule mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza shina, wereng, aliteketeza maelfu ya hekta, na kadiri walivyopuliza dawa ndivyo alivyozidi, kwa kuwa dawa iliua buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga, na mwaka 1989 yakaanza madarasa ya wakulima shambani, ambako kikundi hukutana kila wiki kando ya jaruba, huhesabu wadudu wabaya na wale wanaowala, kisha huamua kama kuna haja ya kupuliza. Hayo ndiyo mashamba darasa tunayoyaita hivyo hapa kwetu. Nimefundisha mashamba darasa kwa miaka mingi, na nilichelewa kujua kwamba chimbuko lake ni Java, katika matope ya wakulima wa nusu hekta.

Mwalimu wa Jiografia (Mtwara) amejibu:

Nakubaliana na mzee wetu, ila naomba tusimfanye kijana aamini kwamba Java ndiyo Indonesia yote. Java ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 129,000 na watu wapatao milioni 150. Mikoa yetu miwili ya Lindi na Mtwara kwa pamoja ina takriban kilomita za mraba 83,000, na sensa ya 2022 ilituhesabu tusiofika milioni tatu. Nusu hekta yao imetokana na msongamano na urithi uliogawanywa mara kwa mara, hawakuichagua. Udongo wao ni wa volkano, na mito yao hushuka kutoka milima yenye mvua nyingi. Ukienda Flores au Sulawesi Kusini-Mashariki, ambako kiangazi ni kirefu, utakuta wakulima wa korosho kama sisi, wakisubiri mvua kama sisi.

Kwa swali la maji, mfano ulionivutia kuliko yote uko Bali, kisiwa jirani na Java. Wakulima wote wanaonywesha kutoka mfereji mmoja huunda chama kiitwacho subak, chenye mkuu aitwaye pekaseh na kanuni zilizoandikwa, awig-awig, na uanachama hufuata mfereji, haufuati mipaka ya kijiji. Maji hugawanywa kwa gogo lililochongwa matundu ya upana uliopimwa, hivyo kila mtu huona fungu lake likipita. Tena hupanda kwa pamoja na kupumzisha mashamba kwa pamoja, ili wadudu na panya wakose chakula. Katika miaka ya 1970 walipohimizwa kila mmoja apande upesi awezavyo bila kungojana, maji yakagombaniwa na wadudu wakaongezeka, mpaka ratiba ya kupanda inayopangwa na mahekalu ya maji ikarudiwa. UNESCO iliiweka mandhari ya subak katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012.

Kuna pia vijiji vilivyokataa haraka hiyo. Ciptagelar, katika milima ya Halimun huko Java Magharibi, hupanda mpunga mara moja tu kwa mwaka, huuhifadhi katika maghala ya mbao yaitwayo leuit, na mila yao inakataza kuuza mpunga na kutumia mashine ya kukoboa. Wanawake hutwanga kwenye kinu kirefu cha gogo. Msimu wao huanza kwa kutazama nyota: wakiona kundi la kerti hutengeneza zana, wakiona kidang hushuka shambani. Kerti ni hiyohiyo Kilimia ya wazee wetu, ambayo tuliambiwa kwamba ikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nilipolijua hili nilimpigia simu bibi yangu Kilwa, naye hakushangaa hata kidogo.

Binti wa Newala amejibu:

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuongeza kuhusu fedha na kuhusu wanawake, kwa kuwa naona tumekaa sana kwenye mfereji.

Sheria ya Vijiji ya Indonesia Na. 6 ya mwaka 2014 iliamuru kila kijiji, yaani desa, kipate fungu lake kutoka bajeti ya taifa, na fedha hizo zilianza kutolewa mwaka 2015. Zipo desa zaidi ya 70,000. Mkuu wa desa huchaguliwa kwa kura ya wanakijiji, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2024 hukaa madarakani miaka minane. Bajeti hubandikwa kwenye bango kubwa kando ya barabara, ikionyesha kilichoingia na kilichopangwa: barabara ya shamba kiasi hiki, kisima kiasi hiki. Bango halizuii wizi, kwa maana wakuu wengi wa vijiji wamefikishwa mahakamani kwa fedha hizo. Hata hivyo, naamini mwizi anayeibia hesabu iliyobandikwa barabarani hukamatwa upesi zaidi kuliko yule anayeibia hesabu iliyofungiwa kabatini. Katika kijiji nilichokulia tulisomewa mapato na matumizi mara moja kwa miaka miwili, na mama yangu alipouliza aliambiwa akae chini.

Katika sehemu nyingi za Java, kupandikiza ni kazi ya wanawake, wakirudi kinyumenyume kwenye tope kwa mstari mmoja. Zamani walivuna pia kwa kisu kidogo cha kiganjani, ani-ani, suke moja moja, na kila mvunaji aliondoka na fungu lake la mpunga, hata asiye na shamba. Mbegu fupi zilipokuja na mundu kuchukua nafasi ya kisu, na wachuuzi kuanza kununua mpunga ungali umesimama shambani na kuleta wavunaji wao wenyewe, wanawake wengi maskini walipoteza fungu hilo. Wapo pia wanaomkopesha mkulima fedha wakati mpunga ungali kijani na kuja kuuchukua kwa bei ya chini. Wenyewe huita ijon. Sisi wa huku tuliolia na kangomba, yaani walanguzi kununua korosho kwa bei ya chini nje ya utaratibu, hatuhitaji tafsiri ya neno hilo.

Jambo nililolipenda ni jimpitan. Katika vijiji vingi vya Java kila nyumba hutundika kikopo mlangoni na kutia mchele kidogo, kiasi cha kiganja, na walinzi wa zamu ya usiku hupita wakikusanya. Mchele huo, ambao siku hizi mara nyingi ni sarafu, huwa mfuko wa mgonjwa, wa msiba au wa taa ya barabarani. Upatu wao huitwa arisan, na wanawake ndio wauendeshao.

Mjumbe wa Bondeni ameandika:

Nimesoma majibu haya mara mbili, na jana usiku nilimsomea mwenyekiti wangu sehemu ya ulu-ulu. Akaniuliza jambo ambalo naliwasilisha kwenu: bondeni kwetu wenye majaruba ya juu ndio wazee waliotangulia kufyeka, nao husema maji yalikuwa yao kabla ya mfereji kuwapo. Huko kwa wenzetu aliye mwisho wa mfereji hulindwa na nini?

Bwana Shamba Mstaafu amejibu:

Ndugu mjumbe, hata kule wa juu ana nguvu, na ugomvi nimeuona kwa macho yangu. Huko Bali hulindwa na mdudu. Wa chini akinyimwa maji atachelewa kupanda, mpunga wake utakuwa mbichi wakati wa juu amekwisha kuvuna, na wadudu watapata pa kukaa mpaka msimu ujao wapande tena juu. Kwa hiyo wa juu hutoa maji akiwa anajilinda mwenyewe. Waelezeni wazee wenu hivyo, bila kuwaambia kwamba wamedhulumu mtu, kisha halmashauri yenu iandike sheria ndogo ya zamu za maji. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inavipa vijiji uwezo huo, mradi mkutano mkuu uijadili na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Zamu ya kwanza msimu huu ianzie mwisho wa mfereji, muone kitakachotokea.

Tena, kama mna nauli ya watu wawili, si lazima mfike Java. Mkindo, wilayani Mvomero, kipo kituo cha mafunzo ya wakulima kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa wakulima wa Indonesia. Mmoja wa hao wawili awe kijana aliyeuliza, na wa pili awe mwenye jaruba la juu kabisa.