Maporomoko ya msituni visiwani: Mahé, Morisi, Réunion au Nzwani?

Binti Usambara

Salaam wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunaishi Tanga, na mwezi wa Agosti tunakusudia kusafiri katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Ufukwe hatuutafuti, kwa kuwa wa nyumbani unatutosha. Tunachokitamani ni poromoko la maji lililojificha ndani ya msitu, mahali ambapo mtu hufika kwa miguu, akakaa kando ya maji bila kusikia honi wala vikundi vya watalii wanaopokezana kupiga picha. Poromoko la Soni tunaliona kila tunapopanda Lushoto, nalo ni zuri, lakini liko kando ya barabara.

Baada ya kusoma na kuuliza nimebakiwa na maeneo matatu: poromoko la Sauzier lililoko Port Glaud katika kisiwa cha Mahé, Shelisheli, mfululizo wa maporomoko ya Tamarind, yaani Sept Cascades, karibu na kijiji cha Henrietta huko Morisi, na Trou de Fer katika msitu wa Bélouve, Réunion. Naomba waliofika wanilinganishie mambo matatu: hali ya maji mwezi Agosti, ugumu wa njia, na kama kuna utulivu wa kweli. Tutakuwa na mama mkwe wangu, ambaye ana nguvu za kutosha lakini magoti humsumbua anaposhuka mteremko mkali.

Mzee Pangani

Binti, marahaba kabla hujaniamkia. Nianze na upepo, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu. Agosti ni kusi. Huko Mahé kaskazi ndiyo huleta mvua kubwa, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, ilhali kusi huja na siku kavu zaidi, na kijito chembamba hupungua. Réunion ni tofauti, maana milima yake ni mirefu mno: Piton des Neiges hupita mita 3,000, na pepo za kusini mashariki zinapogonga upande wa mashariki wa kisiwa hulazimika kupanda, zikapoa na kumwaga mvua hata katika miezi ambayo upande wa magharibi umekauka. Nyanda za juu za kisiwa hicho zina rekodi za dunia za mvua. Mwezi Januari 1966, pale Foc-Foc, zilinyesha milimita 1,825 kwa saa 24, kiasi kinachozidi mvua ya Tanga kwa mwaka mzima. Ndiyo maana msitu wa Bélouve hauishiwi maji.

Kwa hiyo, kama kipimo ni ukuu wa maji, mimi sisiti kuitaja Trou de Fer. Hilo ni korongo lenye kina cha mamia ya mita, na maji huliangukia kutoka kuta zaidi ya moja. Njia ya kawaida huanzia nyumba ya wageni ya Bélouve, ambayo hufikiwa kwa gari kutoka La Plaine-des-Palmistes au kwa kupanda genge kwa miguu kutoka Hell-Bourg. Kutoka hapo unapita katikati ya miti mikubwa ya jamii ya migunga iliyovikwa kuvumwani, na kangaga zenye mashina marefu kama minazi michanga, hadi kwenye jukwaa la kutazamia. Anza alfajiri, kwa sababu kufikia adhuhuri mawingu hupanda na kulifunika korongo lote, na aliyechelewa huambulia kusikia ngurumo ya maji tu.

Fundi Ramani

Shikamoo Mzee Pangani. Nakubaliana na wewe kuhusu upepo, lakini naona ni haki dada aelezwe pia kwamba Trou de Fer hutazamwa kwa mbali kutoka juu. Huwezi kushuka hadi kwenye maji isipokuwa umejiunga na wenye kamba na ujuzi wa kuteremka makorongo, nayo ni kazi hatari hata kwa waliozoea. Yeye ameandika kwamba anataka kukaa kando ya maji. Njia yenyewe haina mteremko wa kutisha, ila ina matope mengi na mizizi, na sehemu zilizotandazwa mbao huteleza. Kwa mwenye magoti mabovu, saa kadhaa za kuchagua pa kukanyaga huchosha kuliko mlima.

Jambo la pili ni viza. Réunion ni sehemu ya Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo Mtanzania mwenye viza ya Schengen ya kawaida asidhani kwamba imemtosha. Inatakiwa viza inayotaja maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Shelisheli haimdai Mtanzania viza, ila ni lazima kuomba kibali cha kusafiri kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege.

Sasa Tamarind. Haya si poromoko moja. Mto hushuka ngazi kwa ngazi ndani ya bonde lenye misitu, na jumla ya mteremko wake hukadiriwa kuwa karibu mita 293. Kutoka Henrietta unafika juu ya maporomoko ya kwanza bila taabu kubwa, na mandhari ya bonde kutoka pale yanatosha kumridhisha mtu. Kadiri unavyoshuka ndivyo watu wanavyopungua na mabwawa ya kuogelea yanavyokuwa matulivu, lakini ndivyo na njia inavyosimama wima, kiasi kwamba kuna mahali unashikilia mizizi ili usiporomoke. Vijia ni vingi, vinagawanyika bila alama, na msitu umesongwa na mipera midogo ya matunda mekundu iliyoletwa kutoka Brazili, ambayo hufunga upeo wa macho hata usijue ulikotoka. Mwongozaji wa pale kijijini ni wa lazima, na sisemi hivyo kwa kupenda kuwapa watu kazi. Watu wamepoteza maisha katika bonde lile kwa kuteleza na kwa mafuriko ya ghafla.

Kwako na mumeo ningesema nendeni Tamarind bila kufikiri mara mbili. Pamoja na mama mkwe, hapana.

Mwalimu wa Victoria

Nimekuwa nikifundisha hapa Mahé, kwa hiyo nitazungumzia Sauzier peke yake. Ni kweli kwamba kusi hupunguza maji, na Mzee amesema vyema. Hata hivyo kupungua si kukauka. Maji hushuka juu ya jabali la matale yaliyolainishwa, yakaingia katika bwawa dogo lililozungukwa na miti, na katika miezi ya kusi bwawa hilo huwa angavu na tulivu kuliko wakati wa kaskazi, ambapo mara nyingine maji huja kwa fujo na rangi ya udongo. Anayetaka ngurumo aje Januari. Anayetaka kuketi na kutia miguu majini, Agosti inamfaa zaidi.

Kutoka barabara ya Port Glaud, matembezi ni ya dakika chache na hayana mwinuko wa kuogopesha. Njia hupita katika ardhi ya watu, na hutozwa kiingilio kidogo. Ulipe bila kubishana, kwa sababu wao ndio wanaofagia majani na kuondoa taka. Kuhusu utulivu nitasema wazi kwamba mahali hapa si pa mbali, na meli ya watalii ikitia nanga Victoria hupata wageni wengi. Siku ya kawaida ya katikati ya wiki, mapema asubuhi, nimekuta hakuna mtu, na ndege wakisikika.

Msitu wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Harufu utakayoisikia ukivunja jani ni ya mdalasini, ambao uliletwa kisiwani katika karne ya 18, ukatoroka mashambani, na sasa umetawala miteremko mingi ya Mahé. Miti ya asili imesalia zaidi katika sehemu za juu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Seychellois iliyoanzishwa 1979, na huko juu ya majabali ndiko huota ule mmea wenye vikombe vinavyonasa wadudu.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa pwani yetu hawaambiwi na waongozaji. Ukitoka Victoria kwenda Port Glaud kwa barabara ya Sans Souci, unapita karibu na magofu ya Venn's Town, ambako wamisionari wa Kiingereza walifungua shule mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa Waafrika waliookolewa na manowari kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi wa waliookolewa walikuwa wamechukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki. Tafadhali simameni hapo kabla ya kushuka kwenye maji. Wazee wa watu wale ni wazee wetu, na msitu uliozunguka magofu yale ndio walioutazama kila asubuhi.

Mjukuu wa Nzwani

Ninashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Komoro, hali iko jirani kuliko vyote na lugha yake ni ndugu ya Kiswahili. Kisiwa chake cha Nzwani kina mlima Ntringui wa mita 1,595, kina mabonde yenye vijito, na nyuma ya mji wa kale wa Mutsamudu mtu anaweza kupanda akiwa na kijana wa mtaani, akapita mashamba ya mikarafuu na milangilangi, akafika kwenye maji bila kukutana na mtalii hata mmoja. Jioni, katika misitu iliyobaki, huonekana popo wakubwa weusi wa Livingstone, ambao duniani kote wanapatikana Nzwani na kisiwa jirani cha Mwali tu.

Ila nitakuwa mkweli kwa sababu ninakipenda kisiwa kile. Misitu imekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni za kukamulia mafuta ya langilangi, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa mingi hukauka kiangazi. Agosti ni kiangazi. Mkienda, ulizeni wenyeji kwanza ni kijito kipi bado kina maji, vaeni mavazi ya heshima, na mjikinge na malaria, tahadhari ambayo visiwa vile vitatu haviidai. Kwa safari ya Machi ningewashawishi kwa nguvu zote. Kwa Agosti, naona Mwalimu ana hoja.

Mzee Pangani

Nimesoma hoja zote, na ninashikilia kwamba hakuna poromoko katika haya linalofikia Trou de Fer kwa ukubwa. Lakini Fundi amenisahihisha kwa adabu katika jambo lenye uzito: binti aliuliza mahali pa kukaa, nami nikamjibu mahali pa kutazama. Kwa watatu wao, Mahé. Réunion iwe safari ya peke yake, na viza yake ianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla.

Binti Usambara

Nawashukuru nyote. Habari za Venn's Town zimenigusa sana, na mama mkwe aliposomewa alisema huko ndiko anakotaka kwenda. Tumeamua Sauzier. Swali langu la mwisho ni kuhusu kuogelea: je, maji ni salama, na ni dalili zipi za kuangalia ikiwa mvua itanyesha ghafla?

Mwalimu wa Victoria

Dada, bwawa huogelewa, lakini usiruke kutoka juu ya jabali, kwa sababu mawe yaliyo chini hayaonekani yote. Homa ya mgunda ipo hapa kisiwani, nayo huenezwa na mkojo wa panya unaosombwa na maji ya mvua. Basi mwenye kidonda kibichi asiingie majini, na baada ya mvua kubwa msubiri siku moja au mbili. Mama avae viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, vilivyofungwa kisigino, wala si kandambili, kwa kuwa matale yenye ukungu wa kijani huteleza hata yanapoonekana makavu. Kuhusu mafuriko, msitazame anga la juu yenu peke yake, maana mvua inaweza kunyesha mlimani na ninyi mko kwenye jua. Maji yakianza kubadilika rangi, au majani na vijiti vikianza kushuka kwa wingi, tokeni mara moja na mpande upande ule ule wa njia mliyojia, bila kurudi kuchukua chochote.