Tupeane uzoefu: usiku ule uliolala usingizi na mambo bado hayajakaa sawa

Mama wa Turubai (mwanzisha uzi)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwangaluka kwa wa kwetu.

Mimi naanika dagaa wa Ziwa Victoria huku Ilemela, Mwanza, nauza soko la Mwaloni Kirumba. Anayeijua kazi hii anajua kwamba wavuvi wanaingia ziwani wakati wa giza. Mbalamwezi ikishapanda wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Kwa hiyo hela yangu yote ni ya siku za giza, na siku hizo mvua ikiwapiga dagaa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, wananuka, unaishia kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Masika iliyopita nilikuwa na laki nane ya kikoba, zote nimezimwagia kwenye dagaa. Basi kila saa tisa usiku macho kodo, nasikiliza bati. Kukiwa na nyota nasikiliza, kukiwa na mawingu nasikiliza. Baba watoto akaniuliza, "Hivi wewe umeajiriwa kulinda mvua?"

Siku ilipokuja kweli nilitoka na khanga moja, tukavuta turubai mimi na mwanangu wa kwanza. Nusu ya mzigo iliokoka, nusu ikaloa. Narudi ndani nimetota, nikalala hadi jua likanipiga usoni. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekesha karibu mwezi mzima na sikuokoa hata dagaa mmoja, halafu usiku wenyewe nikalala kama mtoto.

Asubuhi nikafungua Mathayo 6, "Waangalieni ndege wa angani." Nikacheka peke yangu, maana yangeyange wa hapa Baba yetu anawalisha dagaa wangu, tena walewale walioloa.

Sasa nanyi leteni. Sitaki ushuhuda wa "niliomba nikapata gari". Nataka ule usiku uliolala na tatizo bado lipo palepale.

Kijana wa Nyakato
Mama mimi nilimwachia Mungu ada ya mtoto. Jumatatu mwalimu akamrudisha nyumbani 😂

Mama wa Turubai
Mwanangu, hata mimi turubai nililinunua. Nenda kaongee na mwalimu mkuu ulipe kidogo kidogo, halafu ndiyo ulale.

Muuza Samaki wa Kigongo
Wakuu, mimi nilikaanga samaki pale kivukoni Kigongo tangu sijaolewa. Foleni ya magari ndiyo iliyokuwa duka langu. Mtu amekaa saa mbili anasubiri pantoni, atakosaje kula?

Halafu 2020 daraja likaanza. Jamani, kuangalia nguzo ikiota majini na unajua ikifika ng'ambo wewe umekwisha! Watu wanapiga picha, mimi nahesabu. Niliugua vidonda vya tumbo, na hata mpango mmoja sikuufanya, maana kuwaza kulikuwa kumenishibisha. Miaka mitano hiyo, na ningeweza kutafuta kibanda kwingine mapema kabisa.

Juni 2025 likafunguliwa. Kilomita 3, gari inapita dakika chache tu, hakuna hata wa kushusha kioo. Wiki ile jirani tunayesali naye jumuiya akaja, hakunihubiria. Alikaa akamenya ndizi na mimi, akauliza, "Leo mna chakula?" Nikasema kipo. "Basi ya leo yameisha." Akaenda zake. Nililala siku ile.

Sasa hivi nipo Usagara njia panda. Siwadanganyi, kuna siku nauza na kuna siku nakula mwenyewe samaki wangu. Ila tumbo limepona.

Mtu wa Ukara
Samahani nitawaudhi. Sisi Septemba 2018 tulizika. Tarehe 20 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, watu zaidi ya 220 wakafa. Humo ndani walikuwemo wa kwaya, walikuwemo wazee wa kanisa. Nao hawakuamini? Nikisikia "usiwe na hofu" naona mtu anayesema hajawahi kusimama ufukweni akisubiri maiti itambuliwe.

Mama wa Turubai
Hujaudhi mtu kaka yangu. Pole. Kwetu ni meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, ilimchukua mama mdogo. Sina jibu la kukupa na sitalitengeneza.

Katekista Mstaafu
Ndugu yangu wa Ukara, na mimi jibu sina, nakupa tu pale ninapojishikiza. Marko 4. Ziwa lile la Galilaya urefu wake ni kilomita 21 hivi, halifiki hata Ghuba ya Mwanza, lakini dhoruba ni dhoruba. Yesu "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Sisi wa majini tunajua shetri, huko nyuma ya chombo ndiko wimbi linakoingilia. Na wale waliomwamsha walikuwa wavuvi, siyo watu waoga wa maji. Walimwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Swali lako ni lilelile, na hakuwatupa majini kwa kuliuliza. Liulize hivyohivyo, kwa ukali huohuo.

Mimi kila nikivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nasali, na jaketi la kuokolea nalivaa. Vijana wananicheka. Nawaacha wacheke.

Mtu wa Ukara
Nimekusoma mzee. Sijakubali, lakini nimekusoma.

Kijana wa Nyakato
Mwalimu mkuu kakubali awamu tatu. Narudi kulala 🙏

Mgeni mpya
Shikamooni. Ni saa nane usiku, nipo wodini na mama hapa mjini. Kesho anapasuliwa. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mimi sina ushuhuda, sijalala siku ya tatu, nikifumba macho naona kama nikilala ndiyo ataondoka.

Mama wa Turubai
Marahaba mwanangu. Nitumie inbox jina la wodi, asubuhi nikishuka Mwaloni napita na chupa ya uji, wa mama na wa kwako. Sasa hivi egemeza kichwa hapo pembeni ya kitanda chake, mshike mkono. Mimi nipo macho, leo ni giza, tunasubiri mitumbwi.