Majani ya chai ya Kichina yananuka moshi: yameharibika, au ndivyo yalivyo?

BintiWaUmoja:
Hamjambo wanajukwaa. Shemeji yangu aliyerejea kutoka Guangzhou mwezi uliopita alituletea mkebe wa chai ulioandikwa Lapsang Souchong. Nilipoufungua, harufu iliyonipokea ilikuwa ya jiko la kuni lililozimwa usiku, wala si ya majani niliyoyazoea. Nilijipa moyo nikayapika kama tupikavyo hapa kwetu, maziwa nusu, maji nusu, tangawizi na sukari, hadi chai ikapanda mara mbili. Mama mkwe alipiga funda moja, akakiweka kikombe mezani taratibu, kisha akaniuliza kwa upole kama maziwa yaliungua. Naomba kuelezwa: je, chai hii iliingia moshi ghalani au njiani? Na kama ni nzima, huandaliwaje, na hunywewa na chakula gani? Gramu 100 ni nyingi mno kutupa.

MwonjajiMstaafu:
Pole kwa yaliyokupata mbele ya mama mkwe, dada, ila chai yako ni nzima. Nilifanya kazi ya kuonja chai Mombasa kwa miaka mingi, na nakiri kwamba majani kama hayo yangefika mezani pangu bila jina ningeyaandikia kosa papo hapo, kwa sababu katika viwanda vyetu harufu ya moshi huashiria kwamba moshi wa tanuri umevuja ukafikia majani yanapokaushwa. Kwa hiyo pua yako haikukosea. Hukumu ndiyo iliyoteleza. Kuna chai iliyoingia moshi, na kuna iliyofukizwa. Hii yako imefukizwa kwa makusudi.

Asili yake ni kijiji cha Tongmu katika milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian, ambako huitwa Zhengshan Xiaozhong, na wengi huihesabu kuwa chai nyeusi ya kwanza duniani, ya karne ya 17. (Wachina wenyewe husema "chai nyekundu", wakitazama rangi iliyomo kikombeni, kama nasi tusemavyo chai ya rangi.) Majani hunyaushwa ndani ya nyumba ya mbao yenye ghorofa, moto wa msonobari ukiwaka chini, kwa kuwa milima ile ina ukungu na mvua na jua lake haliaminiki. Kisha husokotwa, huachwa yabadilike rangi kwa hewa ndani ya vikapu vilivyofunikwa, hukaangwa kwa muda mfupi kwenye karai lenye moto mkali, husokotwa tena, na mwisho hurudishwa juu ya moshi wa msonobari mpaka yakauke. Utomvu wa mti huo ndio unaoyapa majani harufu unayoisikia. Majani yetu ya Kericho au Limuru kwa kawaida hukatwa, huraruliwa na kuviringishwa na mashine yakawa punje ndogo, ili yatoe rangi upesi na yastahimili maziwa. Yale ya Tongmu hubaki marefu, ukakasi wake ni mdogo, na chini ya moshi kuna utamu wa longani iliyokaushwa, tunda ambalo ni ndugu wa shokishoki wa Pwani.

Usiyapike. Weka gramu 3, takriban vijiko viwili vidogo, kwa kikombe cha mililita 200, mimina maji yanayotokota, subiri dakika 3, kisha uchuje. Baadhi ya mikebe huelekeza maji yapozwe kidogo kwanza. Hapa Nairobi, kwa mwinuko wa karibu mita 1,800, maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, basi kazi hiyo umekwisha kufanyiwa. Majani yale yale yatie maji mara ya pili: moshi hupungua na utamu hujitokeza.

MlajiWaKariokor:
Mzee amemaliza upande wa kikombe. Mimi naongeza upande wa sahani. Chai hii hupenda mafuta na chumvi. Mbavu za mbuzi zilizochomwa polepole ndizo rafiki yake mkubwa, kwa kuwa inayasafisha mafuta mdomoni huku moshi wa nyama na wa chai ukiitikiana. Samaki wa moshi na mayai ya kukaanga pia huipokea vyema, na asubuhi nduma iliyochemshwa inatosha kabisa, kwani haina ladha kali ya kushindana nayo. Kachumbari yenye ndimu nyingi isogeze kando, maana uchachu huifanya chai ielekee kwenye lami. Mahamri nayo siyashauri: iliki na moshi hugombania kikombe kimoja. Jirani yangu wa Bomet aliielewa kwa funda la kwanza, akasema ni mursik (yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin) isiyo na maziwa, kwa sababu kibuyu cha mursik nacho husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu.

NgaraJioni:
Natofautiana kidogo na mzee kuhusu maziwa, ingawa yeye hakuyataja waziwazi. Ukiiacha chai dakika 5, tone la maziwa baridi haliiharibu; kinachoiharibu ni kuyachemsha pamoja. Tahadhari nyingine: usiuweke mkebe huo kabati moja na majani mengine ya chai, kwa maana harufu yake huhamia humo.

BintiWaUmoja:
Asanteni sana. Jumapili niliiandaa kwenye buli, bila maziwa, pamoja na nduma. Mama mkwe alimaliza kikombe, akaomba cha pili chenye sukari, na hakuuliza lolote kuhusu kuungua. Onyo la kabati limenifikia nikiwa nimechelewa: majani yetu ya kawaida tayari yananuka kuni. Je, yanaweza kuokolewa?

MwonjajiMstaafu:
Harufu hiyo haitatoka, dada. Yapike kwa tangawizi nyingi mpaka yaishe, na mkebe wa mgeni ukae peke yake, umefungwa barabara.