Nimelipa milioni 1.8 gari "lisichubuke na miiba", nimerudi Natron ubavu mzima umechanwa

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya gari hapa nje, naangalia mlango wa kulia na damu inachemka.

Nina Land Cruiser mkonga, bluu iliyokolea. Mwezi uliopita nilimpelekea jamaa mmoja hapa Arusha anayepaka seramiki, ile dawa ya maji inayokauka na kuwa utando mgumu juu ya rangi ya gari. Jina naliacha, sitaki kesi. Kabla hajaligusa nilimweleza vizuri: mimi si mtu wa lami. Njia zangu ni Engaruka, Ngaresero, Longido kule ndani ndani kwa kina yeyo. Matope siogopi, jua siogopi. Shida yangu ni kikwata, ile miiba iliyopinda kama ndoana. Akaniangalia usoni bila aibu: "Kaka, hii kitu ina ugumu wa 9H. Almasi ni 10. Sasa mwiba utafanya nini hapo?"

Akawasha kiberiti cha gesi juu ya boneti, rangi haikuungua. Akamwaga maji, yakakimbia kama yamemwagwa juu ya jani la gimbi. Mimi nani nibishe? Nikahesabu milioni 1.8 taslimu.

Haya, safari. Ukipita Engaruka kuelekea Natron mvua ilikuwa imekula korongo moja, magari yote yanachepukia porini. Upenyo wenyewe unatosha gari moja kwa kubana, kikwata kushoto, kikwata kulia. Nikakunja vioo, nikaingia taratibu. Jamani ule mlio! Kriiiii, kimya, kriiiii. Mama watoto akaniuliza, "Si ulisema limepakwa dawa?" Sikumjibu mpaka tumefika Ngaresero.

Kurudi nikaliosha, ndipo nikaona kazi. Pitisha kucha juu ya mkwaruzo: kama inateleza, mkwaruzo uko juu juu, polishi inautoa. Kama kucha inakwama, umezama kwenye klia, ile tabaka angavu ya juu inayolinda rangi. Ubavu wa kulia nilihesabu kumi na saba zinazokwama, na mitatu kwenye madigadi ya nyuma inaonyesha praima, ile rangi ya msingi inayopakwa chini kabisa, nyeupe kabisa.

Nikarudi kwa jamaa. Jibu lake: "Waranti inahusu mikwaruzo ya kuoshea gari, kaka. Hii yako ni matumizi mabaya." Matumizi mabaya! Land Cruiser kupita porini ni matumizi mabaya, wakuu, tuliweke wapi, sebuleni? Halafu akaongeza kwamba nikitoa laki nne atanipigia polishi mikwaruzo ipungue.

Bahati nzuri sikutoa. Nililipeleka kwa mzee mmoja fundi rangi pale Unga Limited, ana kale kamashine kadogo ka kupima unene wa rangi juu ya bati. Paa likasoma maikroni 121. Milango ikasoma 94, mahali pengine 90. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini klia yote ya kiwandani huwa kama 40 au 50 tu. Mzee akaniuliza, "Huyu alipiga msasa?" Nikakumbuka. Ndiyo, alipiga msasa wa maji na mashine siku mbili, akisema anaondoa mawimbi ili seramiki ishike vizuri. Mzee akatikisa kichwa. Paneli hazilingani hata zikitoka kiwandani, akasema, lakini tofauti ya hivi ni mkono wa mtu.

Mmeelewa? Nimemlipa mtu aniondolee nusu ya ngao niliyokuwa nayo bure, aniwekee utando wa maikroni moja au mbili. Unywele wa kichwani una kama 70. Na sasa hiyo polishi ya laki nne ingezidi kuila klia iliyobaki, na ikiisha jua linaila rangi yenyewe.

Na ile 9H? Ni kipimo cha penseli! Kweli kabisa, penseli za kuandikia. Wanasukuma penseli juu ya rangi kuona ipi inaichana, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye mpangilio huo. Ile 10 ya almasi ni ya kipimo kingine kabisa, cha mawe. Ni kama kumwambia mtu nyumba yako iko namba 9 na Ikulu iko namba 10, kwa hiyo mmepakana.

Sisemi seramiki ni takataka. Tope linatoka kirahisi, vumbi la Natron halishiki sana, kinyesi cha ndege unakiwahi. Mngeniuzia kwa hayo ningelipa na kushukuru. Cha miiba ni PPF, ile filamu nene ya plastiki laini, inakaribia maikroni 200. Mwiba ukipita unaichana filamu, mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe kwenye jua, na ikichoka unaibandua. Tawi kavu lililokatwa kwa panga litaipasua tu, lakini utabadilisha kipande, hutapaka mlango. Nilimuuliza jamaa kuhusu PPF siku ile ile, akasema hiyo ni ya magari ya mjini. Milango minne na madigadi vingenitosha! Na mkienda kununua angalieni msiuziwe stika ya kawaida ya kubadilishia rangi, ile unene wake ni kama nusu.

(Sasa naelewa kwa nini magari mengi ya watalii ni rangi ya kaki. Bluu yangu inaonekana kama daftari la chekechea.)

Mzee amenishauri nisiguse kitu. Ile mitatu iliyofika praima aizibe kwa brashi kabla bati halijapata kutu, mengine niishi nayo.

Jamaa, najua unapita humu. Nataka laki tisa zangu, nusu tu, ile seramiki baki nayo. Vipimo vya paneli zote ninavyo kwenye karatasi na namba yangu unayo. Nasubiri hadi Ijumaa.