Shimba Hills hadi Arabuko-Sokoke na hema: mimi na mke wangu tupange vipi?

Dereva wa Voi
Habari za jioni wanajamvi. Januari mimi na mke wangu tunashuka Pwani na Probox yetu na hema la watu wawili. Hatutaki hoteli, tunataka kulala msituni: Shimba Hills kwanza, kisha Arabuko-Sokoke. Mke wangu ni mtu wa ndege, mimi nataka moto wa kuni na utulivu. Je, gari dogo litapita? Na ndovu hawasumbui hema?

Fundi wa Ukunda
Januari ni sawa kabisa, kaskazi inavuma na udongo umekauka. Kabla ya kuingia Mombasa mjini shikeni barabara ya Dongo Kundu, mtatokea Kusini bila foleni ya feri ya Likoni. Shimba asubuhi kuna ubaridi, bebeni blanketi. Mtafuteni palahala, yule swala mkubwa, dume ni jeusi tititi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Kenya nzima wamebaki hapo tu. Kuhusu ndovu: Januari ni msimu wa maembe, na embe likinukia ndani ya hema ndovu atalifuata. Matunda yote yalale ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Binti Gede
Kaka Dereva, mimi ni mzaliwa wa Gede, kando ya Arabuko-Sokoke, na kazi yangu ni kutembeza wageni humo msituni, kwa hivyo niruhusu niseme kidogo. Usiifanye Arabuko kituo cha kunyoosha miguu mkielekea ufuo wa Watamu. Wengi huingia saa tano jua likiwa kali, wanaona vichaka, wanatoka wakisema hamna kitu. Inaniuma kila mara. Ule msitu una kilomita za mraba 420 hivi, na ndani yake mna misitu mitatu. Kuna sehemu ya miti mchanganyiko yenye mibambakofi, kuna ya miti ya mirihi ambako chini ni mchanga mweupe na mwanga unapenya, halafu kuna ya udongo mwekundu ambako miti imesongamana. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika hata sentimita 20, anaishi huko kwenye udongo mwekundu. Muongozaji anayejua anapolala atampeleka wifi yangu mchana kweupe. Mkienda peke yenu mtampita akiwa kando yenu, rangi yake ni ya jani kavu.

Sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa msituni, mtamsikia kabla ya kumwona. Majani yanachakarika, yananyamaza, yanachakarika tena. Anachokora wadudu kwa ile pua ndefu. Akishtuka anapiga mkia chini na kutimka, na macho yenu yanabaki na lile doa la manjano tu. Dume na jike hushika eneo moja maisha yao yote, ila kila mmoja hujitafutia riziki kivyake. Mkimwona mmoja msiondoke haraka.

Kuhusu moto wa kuni, nakuomba uache. Pikeni kwa gesi. Mti wa muhuhu umekatwa mno kwa ajili ya vinyago, na hata tawi lililoanguka lina wenyewe. Probox ibaki kambini, njia za ndani zina mchanga mzito. Jioni nendeni hori ya Mida mkapite kwenye daraja la mbao juu ya mikoko. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi, maana yakijaa huwasogeza ndege karibu nanyi.

Dereva wa Voi
Asante sana dada. Moto basi, nimeelewa. Mke wangu anauliza kama Kaya Kinondo, ule msitu mtakatifu wa Mijikenda, wageni huruhusiwa.

Fundi wa Ukunda
Mnaruhusiwa, ni hapa hapa upande wa Diani. Mtafungwa kaniki kiunoni na kuingia na mwongozaji. Humo hakuna kubusiana, na hamtoki hata na jani. Makaya ya Mijikenda yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008, lakini wazee waliyatunza kabla ya hapo, na miiko ni yao. Pangeni asubuhi nzima.

Dereva wa Voi
Basi Shimba usiku mmoja, Kinondo tukishuka, zilizobaki zote Gede. Tukifika tuanzie wapi?

Binti Gede
Kwenye ofisi za msitu langoni, kando ya barabara ya Mombasa–Malindi. Fikeni mapema jioni mpange na muongozaji, ili saa kumi na mbili asubuhi muwe tayari mnatembea. Vaeni suruali ndefu na soksi, siafu wako.