Madereva wa trekta Usangu, acheni kufunga plau kwa msumari!

Wakuu, nimekaa siku tatu nikisubiri hasira zipoe, hazijapoa. Jumamosi plau la diski tatu lilichomoka mkono mmoja unaolishika kwenye trekta, katikati ya barabara, kati ya Igurusi na Chimala, likiwa limenyanyuliwa. Kilichokuwa kinaushikilia mkono ule ni msumari wa nchi nne. Msumari! Trekta ni la kukodi, linakwenda kulima majaruba yangu, na nyuma yake kwa baiskeli alikuwepo mtoto wa dada yangu, kabeba chakula cha dereva huyo huyo.

Mkono wa kushoto ulipoachia, plau likainama upande mmoja, likayumba, diski ikachana tairi kubwa la nyuma, kisha chuma chote kikaburuzwa kwenye lami. Mtoto aliiachia baiskeli akajitupa mtaroni. Kachubuka magoti na kiwiko, mengine tunamshukuru Mungu. Mimi nilipofika nilimkuta dereva anafungua waya kwenye uzio wa watu ili afunge tena aendelee na safari. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia, tukasikika mpaka kwenye vibanda.

Jamani, plau linaning'inia kwenye trekta kwa sehemu tatu tu: mikono miwili ya chini na mkono wa juu, ile toplinki. Kila sehemu ina pini nene, na kinachozuia pini ile isichomoke ni kipini kidogo chenye pete ya springi. Basi. Kipini chenyewe kina unene wa milimita 11 hivi, na tundu lake kwenye ncha ya pini ni kubwa kidogo tu kuliko hapo. Msumari wa nchi nne haujazi hata nusu ya tundu hilo. Trekta likiruka tuta moja unaanza kucheza, matuta kumi umeshajipinda, na safari ya kutoka shamba hadi shamba inatosha kuukata. Waya wa kufungia nondo ndio kabisa, unasagika ukiwa unautazama.

Halafu kuna jambo ambalo hata wenye matrekta wengi hawalitazami. Plau dogo la zamani lina pini za chini za milimita 22. Trekta kubwa kidogo, matundu ya mikono yake ni ya milimita 28. Mtu anachomeka hivyo hivyo, bila bushi, ile pete ya chuma ya kujazia nafasi. Pini inagonga huku na huku kutwa nzima, na kila pigo linaishia kwenye kile kipini kidogo. Wiki ya pili pete imelegea, wanalaumu barabara.

Na ninyi wauza spea wa Mbeya mjini, hamjapona. Mwaka jana nilinunua vipini sita kwenye duka moja, muuzaji ananiambia "zote ni sawa, mzee". Sawa wapi? Pete ilikuwa chuma laini, ukiifungua mara tano hairudi. Pete nzuri ukiivuta na kuiachia inagonga kwa nguvu, unasikia kabisa, na kidole kikikaa vibaya utajuta. Sasa hivi silipi kabla sijaijaribu pale pale kaunta, na muuzaji akinuna ninaondoka.

Mwenye trekta hili nilimpigia. Jibu lake: "Vipini vinapotea sana majarubani." Vinapotea kwa sababu dereva anavichomoa, anaviweka juu ya mudigadi, anasahau. Kifunge na kamnyororo kadogo kwenye plau, kitapotelea wapi? Weka vingine vinne kwenye boksi la spana. Kichomeke kutoka juu, pete ipinduke ikumbatie ncha ya pini mpaka ijifunge, na usikubali ikae upande ambao mabua ya mahindi yatainyanyua. Ukifika kichwa cha shamba, pale mstari unapoishia, kabla ya kugeuza, tupa jicho nyuma. Ni kazi ya sekunde chache.

Plau angalau likianguka linajikita. Tela ndilo linaloninyima usingizi. Nimeyaona kwa macho yangu matela ya mpunga, magunia hadi juu, watu wamekaa juu ya magunia, na kilichounganisha tela na trekta ni kipande cha nondo kilichodumbukizwa bila klipu chini. Tela likirukaruka, nondo inapanda kidogo kidogo. Hebu fikiria ichomoke kwenye mteremko wa Mbalizi, malori yako nyuma na mbele. Pini ya tela ina kichwa juu na klipu chini, na pembeni unaweka mnyororo wa akiba. Asiye navyo asitoke barabarani.

Na wakulima wenzangu, tunachangia. Tunagombania trekta msimu ukianza, tunalipa, hatuinami hata mara moja kutazama limefungwa na nini. Mimi pia sikuinama.

Ekari mbili alizokwisha lima nimemlipa. Tatu zilizobaki hagusi mpaka nione vipini vyenye pete sehemu zote tatu. Mdau mwenye trekta maeneo ya Igurusi au Chimala, na plau lake limefungwa inavyotakiwa, aniambie hapa hapa. Mvua imeshaanza, na mbegu ziko tayari.