Mbwa wa marehemu mjomba bado anamsubiri stendi kila jioni, nifanyeje?

MpwaWaKinyerezi:
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu alifariki mwezi wa tano, alikuwa anakaa huku Kinyerezi na mbwa wake Popi, wa kienyeji tu, wa kahawia, sikio moja limelala. Asubuhi mjomba anapanda daladala anaenda dukani Kariakoo, jioni Popi anamfuata stendi wanarudi wote. Sasa mzee alianguka hukohuko dukani, mwili ukatoka hospitali moja kwa moja Moshi tukazika huko, kwahiyo mbwa hakuona kitu. Mpaka leo ikifika saa kumi na mbili anatoka getini anaenda kukaa chini ya mwarobaini, gari ikisimama anainuka anaangalia miguu ya wanaoshuka, miguu tu. Nilimfungia siku mbili akalia usiku kucha, majirani wakaja juu. Hii hali inaisha au ndo basi tena?

Kibandamaiti77:
Mkuu huyo ni Hachiko kabisa. Yule wa Japani alikuwa anampokea profesa Ueno stesheni ya Shibuya, Mei 1925 profesa akafia kazini ghafla, damu ilivujia kwenye ubongo, mbwa akaendelea kwenda stesheni mpaka alipokufa Machi 1935. Karibu miaka kumi! Wakamchongea sanamu mwenyewe akiwa bado hai, 1934. Kwahiyo jipange tu.

MsemaKweli_TMK:
Hizi stori watu wanazipamba sana. Huyo Hachiko alipokufa tumboni walimkuta na vijiti vya yakitori, si ndo mishikaki ya kuku hiyo, wauzaji pale stesheni walikuwa wanamlisha. Nenda kaulize stendi nani anamtupia mifupa utapata jibu. Mbwa anafuata tumbo bana.

Kibandamaiti77:
@MsemaKweli_TMK mishikaki ilinoga baada ya kuandikwa gazetini 1932, kabla ya hapo walikuwa wanampiga na kumfukuza. Miaka saba anakula mateke, hapo alikuwa anafuata tumbo gani?

Bi Mwanaidi:
Mwanangu pole sana na msiba. Mimi Muislamu, mbwa ndani kwangu haingii, akinilambia chombo nakiosha mara saba, lakini hata wale vijana wa pangoni kwenye Suratul Kahf mbwa wao katajwa, kanyoosha miguu ya mbele pale kizingitini. Usimfungie. Mtafutie nguo ya marehemu ambayo haijafuliwa umuwekee anapolala, hawa wanajua mtu kwa harufu. Ila nikuulize, kachanjwa? Hapo stendi watoto wa shule wanapita, akimkwaruza mmoja tu utaanza kuhangaika na sindano za kichaa cha mbwa. Na mvalishe mkanda shingoni watu wasidhani koko wakampiga mawe.

MpwaWaKinyerezi:
Shukrani bi mkubwa. Nimetoka stendi sasa hivi. @MsemaKweli_TMK umepata nusu, kuna dogo wa mishikaki kweli anamuwekea mifupa, ila anasema mbwa mwenyewe haigusi mpaka gari la Kariakoo la saa mbili lishushe watu, hapo ndo anakula anaondoka. Kwahiyo sijui tuiite njaa au nini.

Shati la dukani nimempa, lile lenye chaki za kupimia vitambaa mfukoni, kaliburuta hadi getini akalilalia huko badala ya kwenye banda lake.

Kilichonimaliza ni konda. Kamuona Popi kaniona na mimi, akaniuliza "mzee kasafiri? abiria wangu huyo simuoni siku hizi". Nikamwambia. Akashuka kwanza, gari limejaa watu wanapiga kelele twende, akamshika Popi kichwani ndo akagonga bodi.

Jumamosi nampeleka chanjo, anayemjua daktari wa mifugo maeneo ya Tabata au Segerea ambaye hachaji kama ng'ombe aje PM.